Nani Kaiba Nguvu ya Bati?

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani.)

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema penye wengi pana mengi. Nami juma lililopita niliyakuta mengi hayo pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, chini ya mwembe ambapo kijana mmoja fundi wa magari ameweka jiliwa lake, fuawe lake na mtungi wake wa gesi. Mimi nilikuwa nakwenda Kilosa, nikasimama kuziba pancha. Kabla tairi halijafunguliwa ukazuka ugomvi.

Dereva mmoja wa gari la abiria alikuwa ameshika kibebeo cha tairi la akiba, kile kinachofungwa juu ya paa. Kibebeo kilikuwa kimelegea na kupinda kama ulimi wa ng'ombe. Mwezi uliopita alimletea fundi bati alilonunua kwa wauza vyuma chakavu Dar es Salaam. Aliyemuuzia alimwambia ni bati la ndege, gumu, ukilipinda kwa mkono linaruka na kurudi kama upinde. Fundi akalikata, akalipinda, akatoboa, akafunga. Haukupita muda kibebeo kikaanza kulala, mwisho tairi likaanguka barabarani. Kwa bahati njema halikumpata mtu.

"Fundi," alisema yule dereva, "mimi nilikuletea bati la ndege. Wewe umenifungia bati la sufuria. Bati langu umelipeleka wapi?"

Kijana akaapa. "Kaka, haki ya Mungu, bati ni lile lile. Mabaki yake haya hapa."

Watu wakaanza kugawanyika. Wengine wakasema mafundi ndivyo walivyo. Na fundi wa mtaani, ndugu msikilizaji, mtaji wake si mtungi wa gesi. Mtaji wake ni jina. Akishaitwa mwizi, Mikumi nzima imeshasikia kabla jua halijatua.

Nikaomba vipande viwili: kimoja cha mabaki ambayo hayakuguswa na moto, kingine kilichokatwa kwenye kile kibebeo. Nikawaambia kule Kilosa ninakokwenda yuko mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa ndege. Alianza kazi East African Airways kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977. Nikawaomba wanisubiri siku mbili, maana kurudi nitapita hapo hapo. Wakakubali, ingawa kwa shingo upande.

Kabla sijaondoka nilimuuliza fundi swali moja tu. Alilipindaje bati gumu namna ile bila kupasuka? Akanieleza bila kuficha, maana hakuona kosa. Alilipaka sabuni ya mche, akalipitishia moto wa gesi mpaka sabuni ikageuka nyeusi, akaliacha lipoe. Baada ya hapo likapindika kama karatasi. Ndivyo alivyofundishwa na fundi wake, na ndivyo anavyonyoosha madigadi za Landrova miaka yote.

Basi nikashika njia ya Kilosa na vipande vyangu mfukoni.

Mzee nilimkuta barazani. Baada ya shikamoo na marahaba nikampa vile vipande. Hakusema neno. Alikwenda uani, akavisugua ncha kwa tupa mpaka zikang'aa, akachovya kijiti katika maji ya kostiki, ile wanayotumia watengeneza sabuni, akagusisha kwenye ncha za vipande vyote viwili. Tafadhali, msikilizaji, usiige jambo hili nyumbani: kostiki hupofusha macho na huunguza ngozi. Baada ya dakika chache akavisuuza, akanionyesha.

Kwenye ncha ya kila kipande, sehemu ya kati ilikuwa imegeuka nyeusi. Lakini pembeni, juu na chini, mlikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi. Vipande vyote viwili vilikuwa hivyo hivyo.

"Umeona?" akasema. "Hili si bati moja. Ni tabaka tatu. Katikati ni alumini yenye shaba, ndiyo maana imekuwa nyeusi. Nje, huku na huku, ni alumini karibu tupu. Sufuria hailetwi na alama hii. Kijana wako hakubadilisha bati."

Nikamwuliza, sasa nguvu imekwenda wapi? Akacheka. "Kaa, nikueleze. Ni hadithi ndefu."

Ndugu msikilizaji, nitajaribu kuifupisha hadithi hiyo, maana ina faida kwa kila mtu anayepanda gari, anayepanda ngazi, hata anayepanda ndege.

Tuanze na sufuria. Sufuria ni alumini ambayo haikuchanganywa na vitu vingi. Ni laini. Chukua ukanda wa alumini tupu iliyolainishwa, upana wake sentimita moja na unene wake milimita moja, uuning'inize. Utakatika kwa uzito wa kilo 90 hivi. Hata gunia moja la mahindi la kilo 100 hautalibeba, na hapo nazungumzia gunia la halali, si lumbesa. Sasa chukua ukanda wa vipimo hivyo hivyo wa bati la ndege. Utabeba kilo 450 hivi kabla ya kukatika, yaani magunia manne na nusu. Ukiutazama kwa macho, rangi ni ile ile na uzito unakaribiana sana.

Tofauti hiyo inatokana na mambo mawili: shaba kidogo iliyotiwa ndani, karibu sehemu 4 katika 100, na moto.

Aliyegundua jambo hili ni Mjerumani Alfred Wilm, karibu na Berlin, mwaka 1906. Alikuwa akitafuta alumini ngumu. Alichanganya alumini na shaba pamoja na magnesi kidogo, akapasha moto mkali, akatosa majini kama mhunzi anavyotosa panga. Alipopima, haikuwa ngumu sana. Ilikuwa mwisho wa juma, kazi ikaachwa. Walipoendelea kupima baada ya mapumziko, wakashangaa. Kipande kile kile, ambacho hakikuguswa na mtu, kilikuwa kimekuwa kigumu zaidi. Kilijikaza chenyewe kikiwa kimelala mezani. Mwaka 1909 kiwanda kimoja katika mji wa Düren kikapewa haki ya kuitengeneza, na metali hiyo ikaitwa duralumini.

Huenda msikilizaji ukadhani hayo ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu. La hasha. Duralumini ilikaribia kutuangukia kutoka angani. Mwezi Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walirusha chombo kikubwa cha anga kilichojazwa gesi, kiitwacho L 59, kutoka Jamboli kule Bulgaria, kije kumpa vifaa Jenerali von Lettow-Vorbeck aliyekuwa akipigana nchini humu. Wakati huo Kilosa ilikuwa imekwisha tekwa na majeshi ya upande wa Waingereza tangu Agosti 1916. Mifupa ya chombo hicho ilikuwa ya duralumini, na mpango ulikuwa kwamba kikishatua kisirudi tena. Kivunjwe, na mifupa hiyo itumike kujengea minara ya redio. Hakikufika. Kilipokuwa juu ya Sudan kiliamriwa kwa redio kigeuze, kikarudi Jamboli baada ya saa 95 angani na safari ya kilomita zaidi ya 6,700.

Sasa turudi kwenye swali. Kwa nini bati lijikaze lenyewe mezani?

Mzee alinipa mfano wa chai. Chai ya moto huyeyusha sukari nyingi. Chai baridi huyeyusha kidogo, inayobaki hutuama chini. Ndivyo ilivyo shaba ndani ya alumini. Bati likipashwa hadi karibu nyuzi 495 za sentigredi, shaba huenea na kuyeyukia ndani ya alumini, ingawa bati lenyewe bado ni gumu, halijawa uji. Likitoswa majini ghafla, shaba hukamatwa pale pale ilipo, haipati nafasi ya kutuama. Lakini haina raha. Kwa siku zinazofuata, hata katika joto la kawaida la chumba, chembe za shaba hujikusanya taratibu katika vikundi vidogo mno. Kwa bati la ndege, baada ya siku nne hivi kazi kubwa huwa imekwisha. Vikundi hivyo havionekani kwa darubini ya kawaida. Ilibidi ingojewe mpaka mwaka 1938, ndipo Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipovitambua kwa kutumia eksirei.

Na vikundi vidogo vinaletaje nguvu? Hapa mfano uko kwetu. Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na humo yamewekwa matuta ili madereva wasigonge wanyama. Metali inapopinda, ndani yake safu za chembe huteleza juu ya wenzake kama karata. Vikundi vya shaba ni matuta. Yakiwa mengi, madogo na ya karibu karibu, utelezi hauendi popote, na bati linakuwa gumu. Sasa chukua udongo wa matuta yote ya Mikumi, ukusanye uwe vilima vitatu vikubwa mbali mbali. Udongo ni ule ule, haukupungua hata ndoo moja. Lakini madereva watakimbia watakavyo.

Hicho ndicho alichofanya kijana wetu. Sabuni inapogeuka nyeusi, bati limefika nyuzi 350 mpaka 400 hivi. Hapo shaba hupata nguvu ya kutembea, ile midogo midogo hujikusanya kuwa mikubwa michache, na bati linalainika. Bati la ndege la tabaka tatu likilainishwa sawasawa, ule ukanda wetu wa magunia manne na nusu hushuka na kubeba kilo 180 hivi tu. Lakini kuna lililo baya zaidi. Kabla ya kukatika, kila bati lina uzito ambao likiupita linapinda na halirudi tena. Kwa bati zima, uzito huo ni kilo 300 na zaidi kwa ukanda ule. Kwa bati lililolainishwa ni kilo 80 hivi. Yaani limebakiwa na robo tu. Kibebeo hakikukatika, ndugu msikilizaji. Kililala.

Na jambo la hatari ni hili: chuma kikipata moto mkali kinakuwa chekundu, kisha kinabaki na rangi ya kukueleza yaliyokipata. Alumini haisemi. Haiwi nyekundu, inaweza kufika nyuzi 660 ikayeyuka na kudondoka ghafla bila kukuonya. Ikipoa inang'aa vile vile. Ndiyo sababu fundi akatumia sabuni, maana macho peke yake hayatoshi.

Hapo nikamkumbusha mzee habari ya Landrova. Mbona moto ule ule unanyoosha madigadi na hakuna anayelalamika?

Akasema hilo ni swali zuri. Landrova zilipoanza kuundwa mwaka 1948, chuma cha mabati kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi, ndipo mabodi yake yakatengenezwa kwa alumini iliyotiwa magnesi. Alumini ya namna hiyo haipati nguvu kwa moto na maji. Hupata nguvu kwa kufinywa na kupigwa ikiwa baridi, kama anavyoijua kila mtengeneza bakuli: ukiligonga sana linakuwa gumu, ukizidi linapasuka, basi unalirudisha motoni lilainike uendelee kugonga. Moto kwenye madigadi ni dawa. Tena mzigo wa Landrova umebebwa na chesisi ya chuma. Madigadi kazi yake ni kuzuia tope. Kwa hiyo aliyemfundisha kijana hakukosea. Alimfundisha dawa ya mgonjwa mmoja, naye akampa mgonjwa mwingine.

Tumekwisha eleza habari ya katikati ya bati. Lakini kwa nini basi wakaliwekea tabaka mbili za nje, laini, zisizo na nguvu?

Kwa sababu shaba ile ile inayoleta nguvu huleta na kutu. Ndege za duralumini za mwanzo, hasa zilizofanya kazi karibu na bahari, ziliweza kuliwa ndani kwa ndani, bati likaonekana zima kumbe ni unga. Mwaka 1927 kampuni ya Alcoa ya Marekani, kwa kazi ya mtaalamu wake Edgar Dix, ikatoa dawa. Ilichukua bonge la alumini yenye shaba, ikaliwekea juu na chini vibao vya alumini karibu tupu, ikapasha moto, ikapitisha vyote pamoja kwenye magurudumu ya kufinyia mpaka vikaungana kuwa bati moja. Wakaliita Alclad. Kwa bati jembamba, kila tabaka la nje huwa karibu sehemu 5 katika 100 ya unene wote. Bati likiwa na unene wa milimita moja, tabaka hilo ni nusu tu ya unene wa karatasi ya daftari.

Kazi yake ni kama ile ya zinki kwenye bati la kuezekea nyumba zetu. Bati la nyumba ni chuma kilichopakwa zinki, na likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo jirani huliwa kwanza ili chuma kipone. Vivyo hivyo alumini tupu ya nje hujitoa mhanga ili iliyo katikati isiguswe. Ndege nyingi ndogo za watalii, za aina ile inayotua kwenye kiwanja cha Kikoboga mle hifadhini Mikumi, zimevaa ngozi ya namna hiyo.

Sasa sikiliza jinsi moto unavyoligusa bati hilo la tabaka, maana hapa ndipo penye fundisho lenyewe. Moto hufanya kazi tatu kwa pamoja, na hazipatani.

Kwanza, moto ndio unaosaidia tabaka kushikana. Bila joto na mgandamizo zingebanduka kama maganda ya kitunguu.

Pili, moto wa kipimo, ukifuatwa na maji ya haraka, ndio unaotia nguvu tabaka la kati. Ukichelewa hata sekunde chache mno kati ya tanuru na maji, shaba hutuama kwenye mipaka ya punje za metali, na huko ndiko kutu itakakopitia.

Tatu, moto ukikaa mno, shaba hutoka katikati na kutembea kuelekea nje, ikapenya lile tabaka tupu. Ikifika usoni, ngao imekwisha toboka. Bati bado lina tabaka tatu kwa jina tu. Ndiyo maana katika karakana za ndege kuna ukomo wa mara ambazo bati la namna hii laweza kurudishwa tanuruni, na yaliyo membamba sana hayarudishwi kabisa.

Mzee aliniambia hata zile Fokker Friendship alizozihudumia zilikuwa na mabati mengi yaliyounganishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi na joto. Lakini joto lile la gundi lilikuwa la kiasi, halifiki hata theluthi moja ya lile la tanuru, kusudi gundi ishike na nguvu ya bati isiguswe. Kila kazi na moto wake.

Tukiwa katika maneno hayo ikaletwa chai na chapati, na mzee akapata mfano mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Profesa Saito na wenzake wa Chuo Kikuu cha Osaka huko Japani walichukua alumini laini, ndugu yake sufuria, wakalitengeneza kama chapati. Walilaza bati moja juu ya jingine, wakafinya mpaka unene ukarudi kuwa wa bati moja, wakakata katikati, wakalaza tena, wakafinya tena. Mara ya kwanza unapata tabaka 2, ya pili 4, ya tatu 8. Ukirudia mara nane unafika tabaka 256 ndani ya bati la unene ule ule. Tofauti na chapati ni moja. Mpishi hupaka mafuta ili tabaka ziachane. Wao walisugua na kusafisha mafuta yote ili zishikane. Punje za metali zikapondwa zikawa ndogo kupita kiasi, na alumini ile laini ikapata nguvu zaidi ya mara tatu, bila shaba yoyote ya kuhesabika.

Lakini nguvu hiyo nayo imewekwa rehani kwa moto. Ukiliweka bati hilo katika joto la nyuzi 300 au 400 kwa nusu saa, punje zake huota upya, kubwa na laini, na kazi yote ya kufinya inakuwa bure. Tabaka zinashikana vizuri zaidi, naam, lakini nguvu imeondoka. Wataalamu mpaka leo wanahangaika kutafuta joto la katikati: litoshe kuunganisha, lisitoshe kulegeza.

Nilimwuliza mzee kama kijana angeweza kurudisha nguvu ya lile bati kwa kulipasha tena na kulitosa majini. Akatikisa kichwa. Ni lazima lifike karibu nyuzi 495. Likipungua, shaba haiyeyuki vya kutosha. Likizidi kidogo tu, kwenye nyuzi 500 na ushei, mipaka ya punje huanza kuyeyuka na bati linakuwa bovu moja kwa moja. Tochi ya gesi chini ya mwembe haiwezi kupima hivyo, wala sabuni haiwezi kukuambia.

Siku ya tatu nikarudi Mikumi. Dereva alikuwepo, fundi alikuwepo, na watazamaji hawakukosekana. Nikafanya kama mzee alivyonielekeza. Nikambana jiliwani ukanda wa bati la mabaki, nikampa dereva auvute kwa mkono. Ukapinda, alipouachia ukaruka ukarudi. Kisha fundi akakata ukanda mwingine, ubavuni mwa ule ule, mbele ya macho ya wote. Akaupaka sabuni, akaupitishia moto, akaupoza, akaubana. Dereva akavuta. Ukapinda. Alipouachia ukabaki umeinama.

Pakawa kimya. Dereva akautazama mkono wake, akamtazama fundi. "Samahani, mdogo wangu," akasema. "Nilikuita mwizi." Fundi naye akasema, "Kaka, na mimi nimekuharibia bati. Sikujua." Wakapatana atengeneze kibebeo kingine cha chuma, dereva alete chuma, fundi asidai ufundi.

Ndugu msikilizaji, ugomvi ule uliisha vizuri. Lakini nimeondoka na wasiwasi. Ni vingapi vya alumini vinavyopita mikononi mwetu vikiwa vimepashwa moto bila mtu kujua? Rimu za magari zinazogonga shimo, zikapashwa gesi na kunyooshwa. Ngazi zilizounguliwa na banda. Mabodi ya magari yaliyoponea moto, yakapakwa rangi mpya na kuuzwa. Vyote vinang'aa.

Kwa hiyo nina ushauri kwa mafundi. Kabla ya kuwasha gesi, lijue bati. Mabati mengi ya kiwandani huandikwa namba na herufi. Ukiona T baada ya namba, limetiwa nguvu kwa moto. Moto wako utaiondoa. Ukiona H, limetiwa nguvu kwa kufinywa likiwa baridi. Moto utaiondoa vile vile. Ukiona O, limekwisha lainishwa, halina cha kupoteza. Kama maandishi yamefutika, lipinde kidogo: linaloruka na kurudi usilipashe moto kama litabeba mzigo. Lipinde kwa mviringo mpana likiwa baridi, au liunge kwa ribiti. Na kilicho cha ndege kiachwe kwa wenye leseni ya ndege.

Kwa wateja nasema hivi: unapomletea fundi kitu cha alumini, mweleze kimetoka wapi na kitabeba nini. Na kwa walimu wa ufundi, pale pale Mikumi kuna chuo cha VETA. Ingekuwa jambo jema vyuo vya namna hiyo, popote vilipo, vikawaita mafundi wa chini ya miembe kwa siku moja tu, na jiliwa, na sabuni ya mche, na vipande viwili vya bati. Somo hilo halihitaji vitabu. Nimeliona likieleweka kwa robo saa.

Kijana yule aliniomba nimwachie vile vipande viwili vya mzee. Amevitundika kwenye shina la mwembe, kimoja kimenyooka, kingine kimeinama. Mteja akileta alumini humwonyesha kwanza, ndipo wanapatana bei.

Mpaka juma lijalo, nawatakieni kazi njema.